Askofu Steere, Mkusanyaji wa Maneno

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1828. Alipokuwa kijana alisoma sheria, akapata ruhusa ya kuwatetea watu mbele ya mahakimu. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ile. Akaiacha, akawa kasisi wa watu wa mashamba. Hata rafiki yake William Tozer alipowekwa kuwa Askofu wa misioni ya Afrika, Steere akakubali kufuatana naye. Wakafika Unguja tarehe 31 Agosti 1864.

Siku hizo biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Haukupita muda mrefu, Sultani Majid akawapa wageni wale wavulana watano, waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watoto walikuwa wametekwa mbali na kwao, na wazungu hawakuweza kusema nao. Mwalimu asiyejua lugha ya mtoto, atamfundishaje? Naye mtoto asiyeeleweka, atauambiaje ulimwengu kwao ni wapi? Steere akaona ya kuwa kazi ya kwanza ni kukusanya maneno.

Hakuwa mtu wa kwanza kuianza kazi hiyo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alikuwa amekaa Mombasa tangu mwaka 1844, akaandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka 1850. Lakini Krapf alijifunza Kimvita, na Steere alikuwa akisikia Kiunguja. Basi akaketi na wenyeji wa mji, akauliza, akasikiliza hadithi zao, akaziandika kama walivyozisema.

Mara nyingi mtu hudhani kwamba kueleza neno ni jambo jepesi: kwamba kila neno la Kiingereza lina ndugu yake katika Kiswahili, na kazi ni kuwaweka wawili hao pamoja. Sivyo. Tazama mnazi. Mwingereza ana neno moja tu kwa tunda lake, naye huliona limekwisha kukauka. Lakini mtu wa pwani hulijua tangu kuzaliwa kwake. Kwanza ni upunga, yaani kichanga chake. Kisha kidaka, kinapoanza kuonekana. Kisha kitale, kilichofika nusu ya ukubwa wake. Kisha dafu, lenye maji matamu ya kunywa. Kisha koroma, ambalo si dafu tena wala halijawa nazi. Ndipo huwa nazi kamili. Nayo ikikauka ndani ya kifuu huitwa mbata. Steere hakuridhika na jina moja. Katika kitabu chake alizieleza hatua hizo kwa taratibu, ili msomaji asije akaagiza nazi akitaka maji, au dafu akitaka tui.

Tena yako maneno ya Kiingereza ambayo vitu vyake havionekani huku, na mengine ambayo mipaka yake si sawa na yetu. Kwa Waingereza uyoga uliwao na watu una jina lake, na ule wenye sumu mara nyingi huitwa kwa jina jingine. Kwa Kiswahili wote ni uyoga. Basi mwandishi akiandika uyoga tu, bila kuongeza kama ni wa kuliwa au wa kuua, amempa msomaji neno, lakini hakumpa maana. Kosa dogo la kitabuni laweza kuwa msiba jikoni.

Hata nchi yetu ya Usambara iliguswa na kazi hiyo mapema. Mwaka 1867, kabla misioni haijaweka makao Magila, Steere alipiga chapa Unguja kitabu kidogo cha maneno ya Kishambala, ili watakaotumwa huko wasiende kama mabubu. Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 kikatoka kitabu chake kikubwa cha Kiswahili cha Unguja, chenye sarufi na maneno, pamoja na kitabu cha hadithi za Waswahili. Baadaye alitoa maneno ya Kiyao, kisha ya Kimakonde.

Mwaka 1872 alirejea Unguja, na mwaka 1874 akawekwa kuwa Askofu. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, kwa amri ya Sultani Barghash. Na mahali pale pale Steere akajenga kanisa la mawe, likafunguliwa siku ya Noeli mwaka 1879. Mwaka huo huo John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, akapewa ushemasi. Mtoto ambaye zamani hakuwa na mtu wa kusema naye, sasa alisimama kuwafundisha wengine.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa lile. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Kazi yake haikuzikwa pamoja naye. A. C. Madan alitengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. H. W. Woodward alikusanya maneno ya Kibondei mwaka 1882, na ya Kizigua mwaka 1902. Na mwaka 1906 kamusi ya Kizigua ya W. H. Kisbey ikapigwa chapa. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Lakini hakuna kamusi iliyokwisha. Wazee wa Kwamsisi, na wa vijiji vyote vya Handeni na Korogwe, wana majina ya miti, majani na uyoga ambayo hayakuandikwa na mtu. Wajua upi ni dawa, upi ni chakula, na upi haufai kuguswa. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, jina laweza kufa pamoja naye, na maarifa yake pia. Steere alikuwa mtu mwenye elimu kubwa, lakini hakuona haya kuketi na kuuliza jina la kitu kwa yule akijuaye. Mwanafunzi ajuaye kusoma na kuandika anayo kalamu kama yake, tena ana jambo moja ambalo Steere hakuwa nalo: wazee hao ni babu zake na bibi zake, na lugha yao ndiyo aliyonyonya.