Benjamin Thompson

Benjamin Thompson (Woburn, Massachusetts, 26 Machi 1753 – Auteuil karibu na Paris, 21 Agosti 1814), maarufu zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alikuwa mwanafizikia, mwanajeshi na mvumbuzi mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi Uingereza na Bavaria. Anakumbukwa hasa kwa utafiti wake juu ya joto: linatoka wapi, linasafiri vipi, linapotea vipi, na jinsi nyumba inavyoweza kupata joto kwa kuni au makaa machache. Kanuni alizozieleza zinaonekana pia katika majiko banifu ya Afrika Mashariki, yakiwemo yale ya Arusha na miteremko ya Mlima Meru.

Maisha ya awali

Baba yake, mkulima, alifariki Benjamin akiwa bado mtoto mchanga. Alipofikia umri wa miaka 13 alipelekwa kwa mfanyabiashara wa mji wa Salem ili ajifunze kazi ya duka. Mwaka 1772 alimwoa Sarah Rolfe, mjane tajiri wa Concord, New Hampshire, mji ambao zamani uliitwa Rumford. Walipata binti mmoja.

Mapinduzi ya Marekani yalipokaribia alishikamana na upande wa mfalme na kuwapelekea Waingereza habari za siri. Majirani walipomshuku alikimbia, akamwacha mke na mtoto. Yeye na mke wake hawakuonana tena. Mwaka 1776 alihamia London. Mwaka 1779 alikubaliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1784 Mfalme George III alimpa cheo cha Sir.

Bavaria

Baadaye aliajiriwa na Karl Theodor, mtawala wa Bavaria, na kukaa München miaka kumi na moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kurekebisha jeshi, na humo ndimo utafiti wake wa joto ulipopata sababu: askari walihitaji mavazi ya bei nafuu yasiyopitisha baridi. Alifunika vipimajoto kwa sufu, manyoya, hariri na pamba, kisha akapima muda vilivyochukua kupoa. Aligundua kwamba kinachozuia joto lisitoroke ni hasa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Copley mwaka 1792.

Tarehe 1 Januari 1790 aliagiza ombaomba wa München wakamatwe na kupelekwa katika nyumba ya kazi, ambako walishona sare za jeshi na kulishwa supu ya shayiri, njegere na viazi. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, si ya hiari, ingawa wengi waliisifu. Kwa ajili ya jiko la nyumba hiyo alijenga meko ya matofali yaliyofunikwa, kila sufuria na moto wake, pamoja na kilango cha kupunguza au kuongeza hewa. Bustani kubwa ya München iitwayo Englischer Garten ilianzishwa pia kwa shauri lake, mwaka 1789. Alipopewa cheo cha Count alichagua jina la Rumford.

Meko ya London

Aliporudi London mwaka 1795 alikuta nyumba zikipashwa joto kwa meko ya ukutani yenye midomo mipana na dohani kubwa. Moto ulikuwa mkubwa lakini chumba kilibaki baridi, kwa sababu sehemu kubwa ya joto ilipanda na moshi, na hewa ya chumba ikavutwa nyuma yake. Moshi nao ulirudi ndani mara kwa mara.

Thompson hakubuni chombo kipya cha kuuzwa. Alipunguza mdomo na kina cha meko, akainamisha kuta za pembeni ili zirudishe joto chumbani, na kuibana njia ya moshi ibaki na upana wa takriban sentimita 10. Kazi hiyo ilihitaji matofali machache na fundi mmoja tu. Alichapisha maelezo yake mwaka 1796, na kwa kuwa hakuyawekea hataza, yeyote aliweza kuyafuata.

Mwaka 1798 alieleza jaribio lake maarufu zaidi. Katika ghala la silaha la München alitumia keekee butu kuchimba mzinga ndani ya maji, na baada ya saa mbili na nusu hivi maji yakachemka bila moto wowote. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kuwa joto ni kimiminika kisichoonekana. Yeye alihitimisha kuwa ni aina ya mwendo.

Miaka ya mwisho

Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Royal Institution mwaka 1799. Mwaka 1805 alimwoa Marie-Anne Lavoisier, mjane wa mwanakemia Antoine Lavoisier, lakini walitengana baada ya miaka michache.

Kanuni zake na baridi ya Arusha

Jiji la Arusha liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi kali. Nyumba za jadi za milimani zilikuwa na moto ndani na paa nene la nyasi, ambalo hunasa hewa kama sufu ya Thompson. Bati halinasi hewa. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoa upesi baada ya jua kuzama.

Jiko la mkaa lenye kitako cha udongo ndani ya bati, lililoenea kutoka Kenya katika miaka ya 1980, huhifadhi joto kwa njia ileile ya kulizuia lisipotee pembeni. Arusha ndipo yalipo pia makao makuu ya CAMARTEC, kituo cha serikali kilichoshughulikia majiko banifu ya kuni na mitambo ya biogesi.

Tofauti kubwa ni dohani. Meko ya Thompson yalitoa moshi nje, lakini jiko la mkaa halina bomba, na likiingizwa chumbani hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Udongo hupunguza mkaa unaotumika, lakini hauondoi gesi hiyo. Hata jiko banifu linapaswa kutolewa nje kabla ya watu kulala.