Paul Ehrlich, munganga aliyefikiri juu ya vipokezi vya chembe

Wengi wetu tumekwisha kupimwa Ukimwi kwa tone la damu, kisha tukangoja jibu dakika kidogo tu. Mara nyingi kipimo kile hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili unatengeneza na kuzimwaga ndani ya damu. Silaha hizo zinatoka wapi? Mmoja wa watu wa kwanza kujibu ulizo hilo ni Paul Ehrlich.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 kule Strehlen, mji wa Wajerumani wakati ule, leo uko inchi ya Polandi. Jamaa yake ilikuwa ya Wayahudi. Alipokuwa anasoma uganga, alipenda sana kutia chembe rangi za nguo. Akaona rangi moja inashika chembe za aina hii, zile zingine inaziacha. Akawaza: basi chembe iko na vishikio vyake, na kila kishikio kinachagua.

Mwaka wa 1897 akapanua wazo hilo. Sumu ya difteria, ugonjwa uliokuwa unaua watoto wengi, inanasa kwenye vipokezi vya chembe. Chembe inatengeneza vipokezi vingine, vingi kupita kiasi, na vile vya ziada vinakatika, vinaingia katika damu, vinakamata sumu njiani. Mbelgiji Jules Bordet alimpinga sana. Hata hivyo, mwaka wa 1908 Ehrlich alipata tuzo ya Nobel pamoja na Metchnikoff wa Urusi.

Alifanya kazi pia juu ya vijidudu vya ugonjwa wa usingizi, ambao sisi Wakongomani tunaujua vizuri. Dawa ya zamani, atoxyl, ilikuwa na arseniki na ilipofusha wagonjwa. Ehrlich akabadilisha-badilisha dawa za namna hiyo, na mwaka wa 1909, pamoja na Mjapani Hata, akaona ya kwamba namba 606 inaua kijidudu cha sifilisi. Ikaanza kuuzwa mwaka wa 1910 kwa jina la Salvarsan.

Alikufa tarehe 20 Agosti 1915. Wakati wa Hitler, jina lake liliondolewa kwenye barabara ya Frankfurt, na mjane wake akalazimika kukimbia inchi, juu ya Uyahudi wao tu.

Lakini wazo lake halikufa. Mwaka wa 1980, watafiti wa Marekani walionyesha namna chembe inavyofanya. Jeni ni moja, lakini nakala yake inakatwa na kuungwa kwa njia mbili, sawa na fundi wa cherehani anayetoa nguo mbili katika kitenge kimoja. Nakala ikibaki na kipande cha mkia, kipokezi kinajichomeka kwenye ngozi ya chembe na kukaa pale kama mlinzi. Mkia ule ukiachwa, kipokezi kilekile kinatoka nje na kuogelea katika damu: ndiyo kingamwili.

Kwa hiyo Ehrlich alikosea kidogo: vipokezi vya damu havikatiki kwenye chembe, vinatengenezwa tangu mwanzo bila mkia. Lakini jambo kubwa alilipata, ya kwamba mlinzi wa mlangoni na askari wa njiani ni wa ukoo mmoja. Na yule askari ndiye kipimo kinamtafuta katika tone lako la damu.