ASKOFU COLENSO: ALIJENGA AU ALIBOMOA?

Mara nyingi tunaulizana kama wasomi wenye maneno makali hulijenga Kanisa au hulibomoa. Leo tumtazame John William Colenso.

Alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1814. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na vitabu vyake vilitumika sana mashuleni. Mwaka 1853 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa Natal. Huko alijifunza Kizulu, akaandika sarufi na kamusi.

Siku moja, wakitafsiri habari za Gharika, msaidizi wake Mzulu, William Ngidi, alimwuliza kama mambo yale yalitokea kweli. Askofu alishindwa kumjibu kwa dhamiri safi. Kuanzia mwaka 1862 alitoa vitabu akizipima kwa hesabu tarakimu za Vitabu vya Musa, akasema nyingi haziwezekani. Waumini walifadhaika. Askofu Gray wa Cape Town alimhukumu kuwa mzushi mwaka 1863. Baraza la Malkia huko London liliitangua hukumu hiyo mwaka 1865, lakini mwaka uliofuata Gray alimtenga na ushirika. Tangu 1869 mji wa Pietermaritzburg ukawa na maaskofu wawili wa Kianglikana, kila mmoja na kundi lake. Hasara hiyo hatuwezi kuificha.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 1874 serikali ya Natal ilipomhukumu Chifu Langalibalele isivyo haki na kumpeleka kisiwa cha Robben, Colenso alisafiri hadi London kumtetea. Walowezi wengi waliomwunga mkono zamani walimwacha. Mwaka 1879, Waingereza walipoivamia nchi ya Wazulu, aliikemea vita hiyo mimbarani. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu. Alifariki tarehe 20 Juni 1883.

Nionavyo mimi, moyo uliokataa kumdanganya Ngidi ndio uliokataa kunyamaza Langalibalele alipoonewa. Kosa lake lilikuwa la kiualimu: aliwamwagia watu somo gumu bila kuwaandaa. Lakini waliomjibu kwa kumfukuza tu hawakulijibu swali la Ngidi.

Basi, ndugu zangu, kijana wa darasa la kipaimara akituuliza swali zito, tusimkemee. Tuketi naye, tumjibu kweli, tena kwa upole.