Edwin Hubble, Mpimaji wa Makundi ya Nyota

Ndugu wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama, mwezi wa Novemba, saa tatu ya usiku usio na mbalamwezi, tazameni kaskazini, kadiri ya nusu ya njia toka upeo wa macho hata utosini. Mtaona kiwingu cheupe, hafifu. Jina lake Andromeda. Zamani wataalamu walishindana: je, ni mvuke ulio katikati ya nyota zetu, au ni kundi jingine la nyota, mbali kabisa? Aliyekata shauri hilo ni Edwin Hubble.

Alizaliwa Marekani mwaka 1889. Baba yake alitaka awe mwanasheria, naye akatii, akasoma sheria Oxford. Lakini baba alipokwisha kufa akazirudia nyota alizozipenda. Toka mwaka 1919 alifanya kazi katika mlima Wilson, California, penye darubini ambayo kioo chake kina upana wa inchi 100.

Oktoba 1923 akaona katika picha ya Andromeda nyota ambayo hufifia na kung'aa tena kila siku 31. Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jambo hili: taa ikionekana hafifu ziwani, huwezi kusema ni ndogo au iko mbali, ila kama unaijua taa yenyewe. Basi Bibi Henrietta Leavitt, ambaye kwa maoni yangu alistahili heshima kuliko ile aliyopewa, alikuwa ameonyesha mwaka 1912 ya kuwa nyota za namna hii, kadiri zinavyokawia kugeuka, ndivyo nuru yake ilivyo kubwa. Kwa hiyo Hubble aliijua taa yake, akapata umbali: nuru husafiri miaka 900,000 toka huko hata kwetu.

Umbali ukijulikana, ukubwa hupimika. Mwaka 1926 akayapanga makundi kwa sehemu zake. Mengine ni kama yai tu. Mengine yana kitovu kilichovimba, na kukizunguka sahani nyembamba yenye mikono iliyojipinda. Mwaka 1930 akapima katika vioo vya picha jinsi nuru ya yale yaliyo kama yai inavyopungua toka kitovuni kwenda nje. Wapimaji wa leo hutumia kompyuta, wakitenga nuru ya kitovu na nuru ya sahani.

Hata mwaka 1952 Walter Baade akaonyesha ya kuwa nyota zile ni za namna mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Kumbe umbali ule ulikuwa mfupi mno! Leo twajua ni miaka ya nuru kama 2,500,000, na ukubwa wa kila sehemu ukaongezeka vivyo hivyo.

Hubble alikufa tarehe 28 Septemba 1953. Hapakufanywa ibada ya mazishi, wala mkewe hakusema kaburi liko wapi.