SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: MWANACHUONI ALIYEWAANDIKIA WATOTO

Mwaka huu tumemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu, kwani maisha yake yana somo kwa kila madrasa.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa bado mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

Zama hizo vitabu vya dini vilikuwa zaidi kwa Kiarabu. Mtoto aliweza kuhitimu chuoni akasoma vizuri, lakini maana hana. Sheikh hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 1930 alitoa gazeti la Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Watoto akawaandikia Hidayatul Atfal, na akaanzisha Madrasatul Ghazali hapo Mombasa. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki mwaka 1947. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Qurani kwa Kiswahili.

Elimu ya ubongo leo inaiunga mkono njia yake. Jambo jipya hukaa akilini likishikana na lile mtoto analolijua tayari. Tena sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kipaji cha uso, inayomwezesha mtu kutulia na kusikiliza, ni katika zinazokomaa mwisho, baada ya miaka 20. Basi mtoto wa miaka 7 anayegeukageuka darasani si lazima awe mtukutu. Pengine umri wake ndio huo.

Hapa Arusha, watoto wetu wa Kaloleni na Ngarenaro hufika madrasa jioni wamechoka na shule. Walimu, tuwagawie somo kidogo kidogo, tuwape maana kwa Kiswahili, wala tusikimbilie fimbo. Wazazi, walazeni mapema, kwani usingizi husaidia ubongo kuhifadhi yaliyosomwa. Nanyi wanafunzi, neno msilolifahamu liulizeni. Kuuliza si utovu wa adabu.

Allah amlipe Sheikh kila la kheri, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.