Aliyerudi kwao akajenga ndani ya lava

CÉSAR Manrique alizaliwa Aprili 24, 1919 mjini Arrecife, katika kisiwa cha Lanzarote. Hiki ni kimoja cha Visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Hispania lakini viko karibu na pwani ya Morocco. Kati ya mwaka 1730 na 1736 volkano zililipuka huko, lava ikafunika mashamba na vijiji. Sisi tunaovuka kwenda Goma tunaijua hali hiyo. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mjini, na baadaye watu wakajenga juu ya mawe yale yale.

Manrique alisomea uchoraji Madrid, akapata jina. Mwaka 1964 alihamia New York. Angeweza kubaki huko, lakini mwaka 1966 alirejea kisiwani kwao.

Mwaka 1968 alianza kujenga nyumba yake Tahíche. Inasimuliwa kwamba aliona majani ya mtini yakichungulia katikati ya lava nyeusi. Alipoufuata mti huo akakuta mapango, yaani mapovu makubwa yaliyoachwa na lava ilipopoa. Manrique hakusawazisha kiwanja. Alitoboa njia za kuunganisha mapovu matano, akayafanya vyumba vya kukaa. Sakafu alizipaka rangi nyeupe, mwanga wa jua ukawa unaingia kupitia matundu ya juu. Mtini aliuacha ukue humo humo. Juu alijenga kuta nyeupe kama za wakulima wa kisiwa hicho, na katika chumba kimoja lava inaonekana kama imeingia dirishani.

Watalii walipoongezeka, Manrique alipinga maghorofa marefu na mabango ya matangazo barabarani. Hadi uzeeni aligombana na wajenzi wa mahoteli. Alifariki Septemba 25, 1992 kwa ajali ya gari karibu na nyumba hiyo, akiwa na miaka 73. Mwaka uliofuata UNESCO iliitambua Lanzarote kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira.

Mimi niliyesomea ukimbizini, niliporudi nilipata kiwanja chenye mawe. Kazi ya kwanza niliyofanya ni kukodi vijana wayavunje na kuukata mti uliokuwapo. Leo mabati yanachoma mchana kutwa, na kivuli nakifuata kwa jirani.