William Henry Bragg

William Henry Bragg (2 Julai 1862 – 12 Machi 1942) alikuwa mwanafizikia kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuchunguza muundo wa fuwele kwa njia ya eksirei, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1915 pamoja na mwanaye William Lawrence Bragg. Katika tiba ya saratani, hata hivyo, jina lake hutajwa kwa sababu ya ugunduzi wa awali zaidi: kilele cha Bragg, ambacho ni msingi wa tiba ya protoni.

Maisha

Alizaliwa karibu na Wigton, kaskazini mwa Uingereza, katika familia ya mkulima. Mama yake alifariki Bragg alipokuwa na umri wa miaka saba, akalelewa na ami yake. Alisoma hisabati huko Cambridge, na mwaka 1886 alihamia Adelaide, Australia, kuwa profesa wa hisabati na fizikia, ingawa fizikia yenyewe alikuwa hajasoma sana. Mwaka 1889 alimwoa Gwendoline Todd.

Utafiti

Kwa miaka mingi alifundisha tu. Mabadiliko yalikuja mwaka 1904, alipohutubia mkutano wa wanasayansi mjini Dunedin, New Zealand. Katika kujiandaa alisoma maandiko mapya kuhusu unururifu, akaona kwamba maelezo yaliyokuwepo kuhusu mwendo wa chembe za alfa hayatoshi. Baadaye alipata radiamu kidogo, na pamoja na msaidizi wake Richard Kleeman akapima athari ya chembe hizo hewani katika kila umbali kutoka chanzo chake.

Mtu angetarajia athari hiyo ififie polepole, kama mwanga wa taa. Haikuwa hivyo. Chembe zilikwenda sentimita chache karibu moja kwa moja, athari yake ikaongezeka kuelekea mwisho wa safari, kisha ikakoma. Sababu ni kwamba chembe yenye kasi hupita kando ya elektroni za atomi kwa muda mfupi mno, hivyo huacha nishati kidogo. Kadiri inavyopunguza mwendo huacha nishati zaidi, hadi inaposimama. Kwenye grafu hali hiyo huonekana kama kilele.

Mwaka 1909 alihamia Leeds. Wakati huo alishikilia kwamba eksirei ni chembe, si mawimbi, naye alitetea hoja hiyo kwa nguvu. Majaribio ya mwaka 1912 nchini Ujerumani yalipoonyesha tabia ya mawimbi, yeye na mwanaye waliyageuza kuwa njia ya kusoma mpangilio wa atomi ndani ya fuwele. Tuzo ya Nobel ilitangazwa miezi michache baada ya mwanaye mwingine, Robert, kufariki katika vita vya Gallipoli. Kuanzia 1935 hadi 1940 alikuwa rais wa Royal Society. Alifariki London.

Kilele cha Bragg katika tiba

Bragg hakuwahi kupendekeza tiba hiyo. Mwaka 1946, miaka minne baada ya kifo chake, Mmarekani Robert R. Wilson alieleza kwamba protoni, ambazo huacha nishati kwa namna hiyohiyo, zinaweza kuelekezwa zisimame ndani ya uvimbe. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley, Marekani, mwaka 1954. Eksirei hupenya na kutokea upande wa pili, zikigusa viungo vizima vilivyo nyuma ya uvimbe. Protoni karibu hazifiki huko.

Lakini mashine za protoni ni ghali na chache, na si kila mgonjwa hupata nafuu ya ziada. Kwa hiyo nchini Uholanzi hutengenezwa mipango miwili kwa mgonjwa mmoja, wa eksirei na wa protoni. Kwa saratani ya kichwa na shingo, kwa mfano, hukadiriwa kiasi cha mionzi kitakachofikia tezi za mate na misuli ya kumezea, kisha uwezekano wa mgonjwa kubaki na kinywa kikavu au shida ya kumeza. Tofauti kati ya mipango ikifikia kiwango kilichowekwa, mgonjwa huchaguliwa kwa protoni. Ugumu uliopo ni kwamba makadirio hayo yalijengwa hasa kutokana na wagonjwa waliotibiwa kwa eksirei, hivyo waliopewa protoni hufuatiliwa kwa miaka ili kuyasahihisha.